Ndugu wa Kisiwa Kimoja

Mzee Kelestini, mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya shule, ana jina moja tu kwa ajili yetu: "wageni wetu kutoka Usukumani." Msibani, harusini, mkutanoni, ni hilo hilo. Mimi na mume wangu Masalu tulifika Katindiuka, hapa Ifakara, na ng'ombe, tukawauza, tukanunua shamba la mpunga. Binti yetu Happyness kazaliwa hapa hapa na anaongea Kindamba kuwashinda wajukuu wa Kelestini. Bado wageni! Linaniuma, sifichi.

Basi Happyness akamaliza shahada ya pili, akaalikwa kuzungumza kwenye mahafali ya shule yake ya zamani. Kasomea nini? Buibui wa visiwani. Majirani walicheka mpaka basi. "Mama Happy, kwangu wamejaa darini, aje achukue!" Niliwajibu kwamba wamelala na buibui miaka yote na hawajui hata buibui hao wanavyozaliana.

Siku ya mahafali nilivaa kitenge kipya nikakaa mstari wa mbele. Niliomba kitu kimoja tu: leo, mbele ya mwanangu, Mzee Kelestini ameze neno lake. Akashika maikrofoni. "Tumpokee Happyness, mtoto wa wageni wetu kutoka Usukumani." Damu ilinichemka. Masalu alinishika mkono nisisimame.

"Shikamoo babu," Happyness alimwamkia kwa adabu, akawasha projekta. Akatuonyesha buibui mwembamba kama kijiti, wa visiwa vya Hawaii. Alisema babu yao wa kale huenda aliletwa na upepo, akining'inia kwenye uzi wake mwenyewe juu ya bahari. Vizazi vingi mno vikapita, uzao ukagawanyika. Wengine wakawa wa kahawia, wanajificha miambani. Wengine wakawa na rangi ya dhahabu, wanakaa chini ya majani. Kisiwa cha pili nacho kina buibui wa kahawia na wa dhahabu.

"Babu," akauliza, "huyu wa kahawia wa kisiwa cha kwanza, ndugu yake wa karibu ni yupi?"

"Si yule wa kahawia wa kisiwa cha pili? Wamefanana kabisa," alijibu Kelestini.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini vinasaba vikipimwa, mara nyingi ndugu yake ni huyu wa dhahabu, jirani yake. Kufanana na yule wa mbali kumeletwa na maisha ya mwambani tu."

Mzee hakukubali kirahisi. "Na yule wa kwanza aliyekuja na upepo? Hakuwa mgeni?"

"Alikuwa mgeni, babu. Ila uzao wake hauna kwao pengine popote duniani."

Nilimtazama mwanangu, nikajisikia fahari mpaka machozi yakanitoka.

Kelestini alirudi kwenye maikrofoni kufunga shughuli. Nilijiandaa kusikia lile neno. Akakohoa. "Ndugu wazazi, makofi kwa Happyness, mtoto wetu wa Katindiuka."

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nje nilimwamkia mzee, nikamwambia Jumapili aje kwetu tule kambale.

"Nije kama mgeni?" akanitania.

"Njoo na kisu," nikamjibu. "Utawapasua kambale mwenyewe."