Paa la Mzee Akonaay

Nyumba ya Fransiska haionekani. Ukisimama barabarani Bashay ukatazama juu, utaona mlima, majani, mbuzi wawili watatu, basi. Ukipanda zaidi utaona majani zaidi. Baba mkwe wake, Mzee Akonaay, aliichimba ndani ya ubavu wa mlima kama baba zake walivyofanya enzi za wavamizi wa ng'ombe, akasimamisha nguzo, akaezeka kwa miti na udongo, na majani yakaota juu ya paa kama yalivyoota kila mahali. Mlango tu ndio unaotazama bondeni, na wenyewe umejificha nyuma ya minyaa.

Mzee huyo aliacha amri moja: mtu asisimame juu ya paa. Anayesimama pale anawaonyesha maadui nyumba ilipo. Wavamizi wameisha siku nyingi, na Mzee Akonaay naye amelala makaburini, lakini Fransiska akiziba mahali panapovuja hutambaa kwa tumbo, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Wanawe wamejenga nyumba za bati karibu na barabara na wamemwita mpaka wamechoka. Yeye hataki hata kusikia. Bati linapiga kelele mvua ikinyesha, anasema, na halina heshima.

Kwa hiyo vijana wa halmashauri walipopita wakiuliza ni nani wanaoishi begani mwa mlima, Fransiska alifanya alichofundishwa. Alizima moto, akafunga mlango na kumshika ndama mdomo asilie. Alikuwa amesikia kwamba tangu matope yashuke Mlima Hanang, watu wa kwenye miteremko wanahamishwa. Baltazar, mwenyekiti wa kijiji na jirani yake wa utotoni, alikuwa ameshaapishwa na Fransiska asimtaje. Walipomuuliza aliangalia pembeni akasema, "Pale? Pale hakuna mtu." Ndivyo watu hawa wawili, wenye akili zao timamu, walivyoifuta nyumba nzima kwa mdomo.

Mkutano ukaitishwa darasani. Aliyesimama mbele alikuwa binti mfupi aliyevaa buti za mvua, jina lake Ludovika, mtaalamu wa ramani kutoka Kagera.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba!"

Fransiska alikuwa amekuja kununa. Alikaa mbele kabisa ili anune vizuri. Lakini yule binti akamwelekea yeye.

"Mama, nyoosha kidole mbele ya uso. Funga jicho moja, ukitazame. Haya, badilisha jicho. Kidole kimehama?"

"Kimehama!" Fransiska akasema kabla hajakumbuka kununa.

"Hakijahama. Macho yako yanakitazama kutoka sehemu mbili, ndiyo maana. Cha karibu kinaonekana kuhama sana, cha mbali kinahama kidogo. Setilaiti nayo inafanya hivyo hivyo. Ikija inapiga picha ikitazama mbele, ikishapita inapiga nyingine ikitazama nyuma. Kilele kiko karibu nayo kuliko bonde, kwa hiyo kwenye picha kinahama zaidi. Kompyuta inapima kila sehemu imehama kiasi gani, inapata kimo chake."

Halafu akagawa miwani ya karatasi, upande mmoja mwekundu na mwingine wa buluu, akatandaza picha kubwa juu ya madawati. Fransiska akavaa, akainama.

Karatasi ikainuka. Jamani! Mlima wake ukasimama mezani, mzima, na bonde likazama chini yake. Aliiona mikaratusi ya shule imesimama mmoja mmoja. Aliliona korongo na kina chake, na ule mteremko uliomla magoti miaka yote akipanda na ndoo. Akataka kuugusa, kidole kikaingia ndani ya mlima. Machozi yalimtoka chini ya miwani na hakuyafuta. Nchi aliyoitembea tangu azaliwe hakuwahi kuiona yote kwa mara moja, na huyu mtoto wa watu alikuwa ameibeba imekunjwa kwapani. Fransiska alimpenda palepale.

Kisha akatafuta kwake. Akafuata njia ya ng'ombe, akakata kushoto penye jiwe, akafika begani. Majani matupu. Akamkanyaga Baltazar mguu.

"Hata huko juu wameshindwa!" akamnong'oneza, akicheka hadi mabega yakatikisika. "Mzee amewaweza!"

Ludovika akachukua kalamu. Mfereji, alieleza, utachimbwa kukinga maji ya mlimani yasishukie nyumba za bondeni. Kalamu ikatembea juu ya mteremko, ikapinda, ikashuka. "Na maji yote tutayamwaga hapa begani. Hapana nyumba. Hata kijijini tuliuliza, wakatuthibitishia."

Baltazar aliangalia viatu vyake.

Kicheko kilimkauka Fransiska. Kalamu ilikuwa imetua juu ya chumba alichozalia watoto wake wote. Akinyamaza, masika ya kwanza yatampeleka bondeni yeye na ndama wake. Akisema, watamhamisha, na pia watajua kwamba alidanganya. Aliogopa, na aibu ilimchoma. Alivua miwani, akasimama.

"Mwanangu, pale kuna nyumba."

"Wapi, mama?"

"Hapo hapo unapomwagia maji. Ni kwangu. Huyu mwenyekiti usimlaumu, nilimwapisha mimi."

Darasa liliguna. Ludovika hakugombeza. Alikunja picha, akabeba kompyuta yake na fimbo ndefu ya kupimia, akasema, "Twende nikaione."

Walipanda wawili tu, wengine wakibaki barabarani na Baltazar, aliyesingizia goti. Begani Ludovika alisimama akihema, akageuka huku na huku.

"Mama, bado ni mbali?"

"Umesimama juu yake."

Ndama akalia chini ya buti zake. Binti wa watu aliruka, akateremka mbio akiomba radhi, akaukuta mlango. Aliingia, akashika nguzo moja baada ya nyingine na kutazama miti iliyobeba udongo wote ule. "Nani alijenga hii?" aliuliza, na Fransiska akamtajia jina la mkwewe kwa sauti, akiwa na kiburi cha furaha.

Ludovika akakaa kizingitini, akafungua kompyuta. Alitafuta ramani ya mwanzo, ile ya kabla hajaisafisha, akaweka kidole begani mwa mlima.

"Mama, njoo uone. Hapa mteremko unakatika ghafla, karibu kimo cha mtu. Ni mlango wako huu. Nilidhani kompyuta imekosea, nikausawazisha."

"Kumbe Mzee ameonekana?"

"Ameonekana. Mimi ndiye niliyemfuta."

"Na sisi tulimfuta," Fransiska akasema. Kisha akauliza lile aliloliogopa: "Mtanihamisha?"

"Sijui yote, mama, sitakudanganya. Ninachokijua ni kwamba maji yanaweza kupelekwa kwenye lile korongo la mawe, yasikuguse. Nitalitetea hilo. Lakini siwezi kuitetea nyumba isiyokuwepo kwenye ramani." Akainua ile fimbo, yenye kifaa cha kunasa mawimbi ya setilaiti kichwani, kama sufuria iliyofunikwa. "Nataka kimo cha paa lako, cha uhakika. Mtu asimame pale juu ameishika hii wima, bila kutikisika, mpaka nishuke nikalikague korongo nirudi."

Hapakuwa na mtu mwingine.

Fransiska aliipokea fimbo. "Baba, unisamehe," alisema kwa Kiiraqw. Alilipanda paa kwa kutambaa, kama siku zote, majani yakimgusa kidevu. Alipofika katikati akapiga magoti. Kisha akaisimika fimbo, akajishikilia, akanyanyuka. Upepo ukampiga kifuani. Bonde lote lilikuwa chini yake, limeinuka na kuzama vilevile kama kwenye karatasi, na safari hii alikuwa hana miwani.

Kule barabarani watu walikuwa wakinyoosha vidole. Sauti ya Baltazar ilipanda mlima, ikimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Tluway! Tunakuona!"

Miguu ilitaka kuinama yenyewe. Fransiska aliikataza.

"Nioneni!" akajibu kwa nguvu zake zote, na fimbo haikutikisika.