Harusi Iliyofutwa na Mafundi Bomba

Fundi wa kompyuta alikuwa na ulimi mwepesi kuliko mikono, na alijigamba pale pasipojigambwa: mbele ya mama mkwe. Mama huyo alikuwa na ukumbi wa sherehe na ofisi mbili za kupokea wateja, moja sokoni, nyingine karibu na stendi. Fundi, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba tu, akaweka seva katika kila ofisi, kila moja ikiwa na nakala kamili ya kumbukumbu za wateja.

"Mama, hata mtandao ukikatika, kila ofisi inaendelea na kazi. Ukirudi, seva zinapeana habari zenyewe."

"Na zikibishana?"

"Aliyeandika mwisho ndiye anashinda. Nimeshapanga, wala usijali."

Mama mkwe aliguna. Binti yake alikuwa amependa, afanyeje?

Siku moja mtandao ukakatika. Asubuhi hiyo binti alikwenda ofisi ya sokoni akaandikisha harusi yake na fundi, siku ya Jumamosi. Mchana mwenyekiti wa chama cha mafundi bomba akaingia ofisi ya stendi, akaambiwa Jumamosi ileile ukumbi uko wazi, akaandikisha mkutano mkuu. Jioni mtandao ukarudi. Seva zikaulizana, zikafuata ile kanuni ya aliyeandika mwisho, na harusi ikafutwa bila hata pole.

Hakuna aliyejua mpaka Jumamosi yenyewe, mashangazi walipofika na maua wakakuta wanaume juu ya ngazi wakitundika kitambaa kilichoandikwa "Uvujaji Sasa Basi".

Bibi harusi alimvuta fundi pembeni. "Umenifuta?"

"Si mimi, mpenzi, ni ile kanuni..."

"Kanuni kaiandika nani?"

Bibi harusi akaanza kuivuta pete ya uchumba, na bahati ya fundi ni kwamba kidole kilikuwa kimevimba kwa joto.

Mwenyekiti naye aligoma kuondoka, watu wake walikuwa wametoka mbali. Basi mama mkwe akafunga pazia katikati ya ukumbi, harusi huku, mabomba kule.

"Nitakaa," bibi harusi akasema. "Lakini sijasema nimekubali."

Mfungisha ndoa akakohoa, akamgeukia. "Je, unamkubali huyu awe mume wako?"

Bibi harusi akaanza tena kuizungusha pete. Fundi alitokwa jasho mpaka soksi zikalowa. Aliogopa kweli, maskini, kwa kuwa alimpenda mno.

Wakati huohuo, nyuma ya pazia, mwenyekiti alikuwa akipigisha kura. "Wanaokubali waseme ndiyo!"

"NDIYOOO!" wakanguruma mafundi bomba wote.

"Wanaopinga?"

Hakuna hata aliyepiga chafya.

Bibi harusi alijiuma mdomo, akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni. Kisha akamshika fundi mkono.

"Haya," akasema, "hoja imepita. Nami naunga mkono."