Mama Nani

Saa kumi jioni, jikoni kwa Madam Jennifer kule Al Thumama, nchi ya Waarabu, Rael alikuwa akipiga picha kwa simu kurasa za wosia wa mwaka 1742. Kazi aliyoajiriwa kufanya ni kupika na kufagia, lakini Madam, Mmarekani, alikuwa akiandika kitabu cha ukoo wao, kuanzia babu yao aliyemiliki mashamba Virginia enzi za Waingereza, na mikono miwili haikumtosha.

Mwanamke akaingia, akakaa kwenye stuli. Alikuwa mtumwa wa babu huyo, na alikufa kabla Marekani haijawa nchi. Rael akammiminia chai ya maziwa, kisha akamuuliza kama wanavyoulizana wanawake kwao Kapsabet:

"Karibu. Wewe ni mama nani?"

Jamani, afadhali angenyamaza! Mwanamke alilia mpaka chai ikapoa. Alizaa binti, alisema. Kwao mtoto hupewa jina siku ya nane, na huyu walimchukua siku ya sita, akapelekwa nyumba nyingine. Jina aliloitwa huko hakuwahi kulisikia.

"Nitafutie. Nataka tu kumwita."

Rael naye ana binti, Tiffany, aliyebaki Kapsabet na sasa humwita nyanya yake mama. Alitafuta wiki tatu, masanduku manne ya karatasi za ukoo. Kila alasiri mgeni alikuja, akanywa chai, akasubiri. Mtoto alitajwa mara moja tu, kwenye wosia wenyewe, na Rael akamsomea:

"Kwa binti yangu Martha, ng'ombe aitwaye Cherry, na mtoto wa kwanza atakayezaliwa na mjakazi wangu."

"Cherry nilikuwa nikimkama mimi," mwanamke alisema. "Jina nilimpa mimi."

Madam alikuwa mlangoni. Alimsalimu mgeni vizuri tu. Rael akamwomba amtaje mtoto kitabuni, hata kwa mstari mmoja.

"Pole, Rael. Orodha ya mwisho wa kitabu ni ya majina. Nitamweka wapi?"

Ng'ombe Cherry aliwekwa, kwa alfabeti, chini ya Charles.

Kitabu kikaenda kuchapwa, masanduku yakarudishwa Virginia. Kesho yake saa kumi mwanamke akaja, akakaa palepale.

"Umempata?"

Roho ilimuuma Rael, ikamuuma kweli. Akageukia jiko ili machozi yasionekane.

"Bado, mama," alisema. "Bado natafuta."