Kinyumenyume Hadi Idete

Lori la Apolinari lilikuwa zima kila mahali isipokuwa difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu. Likiwa tupu lilikwenda vizuri, lakini ukilipakia mpunga, sehemu ya nyuma ilianza kulia kama mbuzi aliyesahauliwa juani, na likikutana na tope la masika lilikaa chini na kungoja watu walisukume. Fridolin, ambaye lori lake lilikuwa jipya zaidi pale Ifakara, hakukosa kulipita likiwa limekwama. Alitoa mkono dirishani, akaupunga taratibu, akaenda zake.

Mwaka 1956 shemeji yake Apolinari, Kelestini, akaleta habari njema. Kelestini alikuwa fundi, mdogo wake Rosa mke wa Apolinari, na mtu wa utani mwingi na uso mkavu. Alikuwa ameona huko Mang'ula, nyuma ya kiwanda cha mbao, lori kubwa la magogo lililokufa injini na kumezwa na nyasi.

"Difu yake haijaguswa," alisema. "Ile ilivuta miti, shemeji. Mpunga wako itauona kama pamba."

Wakaipata kwa magunia machache ya mchele, wakaileta Ifakara, na Kelestini akaanza kazi uani. Alikata, akachomea, akatengeneza vikalio vipya vya springi. Apolinari hakwenda popote. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akitoa amri.

Siku ya kuifunga, Apolinari aliinama akaitazama difu ikiwa juu ya jeki. "Kizibo cha oili mbona kiko juu? Oili chafu itatokaje? Igeuze, kiwe chini."

"Shemeji, hiyo haigeuzwi. Ukiigeuza—"

"Lori ni la nani?"

Kelestini aliokota spana. "Ni lako, shemeji," alisema kwa upole uliopaswa kumtisha mtu yeyote anayemfahamu. Akaigeuza juu chini, akaikaza kila nati kwa uangalifu, akanawa mikono.

Alitarajia kwamba jioni ileile Apolinari angelijaribu lori, wangecheka, na kazi ingerudiwa. Lakini Apolinari alikataa kuliwasha. Kesho yake alikuwa na kazi ya kumpeleka Serafina, mpwa wa Rosa, kwenye harusi yake Idete, na alitaka difu mpya izinduliwe mbele ya watu.

Watu wakaja. Serafina alipanda nyuma na gauni lake jeupe, akina mama wakamzunguka na kanga zao, vigelegele vikapaa. Fridolin, aliyekodiwa kubeba waimbaji na ngoma, alisimamisha lori lake barabarani ili aone. Apolinari alivaa koti, akakaa kwenye usukani, akamwamuru Kelestini apande pembeni yake. Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi.

Lori likaruka kinyumenyume, likabomoa ua wa choo.

Vumbi lilipotulia, alionekana mzee Raimundi, jirani yao, amesimama kati ya matete yaliyoanguka, kashika suruali kwa mikono miwili. "Apolinari," alisema, "ungebisha hodi."

Apolinari akajaribu gia ya pili. Lori likazidi kurudi nyuma, kwa kasi zaidi. Akaweka rivasi, nalo likaenda mbele, polepole kama bata aliyeshiba. Akageuka kumtazama Kelestini, ambaye alikuwa akikagua kucha zake kwa makini.

Fridolin alicheka hadi akaegemea honi. Kisha akatoa mkono dirishani, akaupunga taratibu, akaondoka na waimbaji wake.

Apolinari alitaka kushuka na kujificha ndani. Rosa ndiye aliyemzuia. Alikuwa amesimama nyuma na bibi harusi, na kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni aliuliza, "Kwani linakwenda au haliendi?"

"Linakwenda kinyumenyume!"

"Basi geuza huo mkia uelekee Idete. Mimi nitakuonyesha njia. Nikipiga ubao wa kulia, kata kulia. Nikipiga wa kushoto, kata kushoto. Nikipiga kichwa chako, simama."

Wakaenda hivyo. Akina mama walikuwa mbele wakiimba, Serafina akipigwa na upepo usoni, na dereva akifuata nyuma yao, shingo nje ya dirisha, macho yamemtoka. Watoto waliokuwa wakifukuza ndege mashambani waliacha kazi. Mtu mmoja mwenye baiskeli alishindwa kuamua lori linakuja au linaondoka, akaingia mwenyewe kwenye mtaro.

Karibu na Idete walimkuta Fridolin kwenye tope. Alikuwa amezama hadi ekseli, klachi imeungua, waimbaji wamesimama pembeni na ngoma kichwani.

"Usipunguze!" alipiga kelele Rosa. Apolinari hakupunguza. Ile difu ya magogo ikanguruma, magurudumu ya nyuma yakatangulia kwenye tope, yakauma, yakatambaa, na lori zima likapita kando ya Fridolin likimrushia matope kwenye kioo.

Upande wa pili Apolinari akasimama. Wangeweza kumwacha. Serafina ndiye aliyekataa. Hakuwa tayari kuolewa bila ngoma.

Wakafunga mnyororo. Kwa kuwa lori moja lilikuwa likienda kinyumenyume na jingine likielekea mbele, yaliunganishwa pua kwa pua. Njia yote iliyobaki, Apolinari na Fridolin walitazamana uso kwa uso kupitia vioo viwili, bila pa kupeleka macho. Apolinari alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Watu wa Idete walifurahi mno. Hawakuwahi kuona harusi ambayo bibi harusi anafika kabla ya dereva, wakaamini ndiyo heshima mpya ya mjini.

Kwenye wali, Apolinari akamsogelea Kelestini. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilianza kusema. Ukaniuliza lori ni la nani."

Apolinari alijitia tonge mdomoni. Rosa alicheka kwanza. Kisha Apolinari mwenyewe akacheka, wali ukampanda puani, ikabidi apigwe mgongoni.

Kesho yake Kelestini aliigeuza difu palepale Idete. Apolinari alifumbua mdomo mara kadhaa, na kila mara Rosa alimletea kipande cha muhogo.

Fridolin aliliacha lori lake likingoja klachi, akaomba lifti. Mbele palikuwa pamejaa, akapanda nyuma pamoja na mbuzi wa zawadi. Walipofika Ifakara aliteremka, akajikung'uta, akasema, "Linavuta."

Apolinari alimwomba arudie, kwa kuwa mzee Raimundi, aliyekuwa akitengeneza ua wa choo, hakusikia vizuri.