Wa Nyuma Hahesabiwi

Siku tatu kabla ya msafara, Asya alianza kuota breki. Kila akifumba macho aliona mikono imebana usukani wa baiskeli, imebana mpaka mishipa imesimama, na gurudumu linaendelea kuzunguka kama halijaambiwa kitu. Akishtuka anajikuta kajikunja, vidole vyake mwenyewe vimeng'ang'ania shuka.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na maneno yaliyoileta hofu hiyo yalitoka kinywani mwake?

Asya alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa Gombani, karibu na uwanja wa mpira, alichoachiwa na marehemu baba yake pamoja na spana, pampu mbili na sifa ya kutosema uongo. Kwa sifa hiyo kikundi cha waendesha baiskeli cha mji wa Chake kilimpa yeye kazi ya kukagua baiskeli za Msafara wa Mavazi ya Kale. Ni asubuhi moja tu ya Jumapili, kutoka Gombani hadi magofuni Pujini, kila mtu kavaa walivyovaa wazee zamani, na kapanda baiskeli ya chuma ya zama hizo hizo. Mwaka jana walikwenda watu kumi na tisa. Picha zikazagaa kwenye simu. Mwaka huu majina yakafika mia moja na kumi na mbili, na Asya akasema arubaini, haongezi hata mmoja.

Sababu yake ilikuwa kalvati, kidaraja cha kupitishia maji. Kabla ya Pujini, njia ya udongo mwekundu huteremka ghafla baina ya mikarafuu, mteremko mrefu ulionyooka, na chini kabisa kuna kalvati jembamba lisilo na ukingo, kulia kwake korongo la mawe. Watu mia wakishuka pale pamoja, wa mbele akiyumba tu, wote wa nyuma watampanda mgongoni.

Wakapiga kura. Ndipo ugomvi ulipoanza.

Alhamisi alasiri walijaa kibandani kwa Asya mpaka wengine wakakaa juu ya matairi. Haitham, karani wa bandarini, alikuja na suruali ya bugaluu ya baba yake, pana miguuni, kajifunga mkanda mpana kama ngoma.

"Hatuwezi kupunguza watu kwa kura," alisema. "Tupunguze kwa mavazi. Huyu Heriel nafasi kaipata ya nini? Enzi hizo wazee wake walikuwa Moshi."

"Na huko Moshi walikuwa wakitembea uchi?" alijibu Heriel, mwalimu wa hesabu aliyehamia kutoka bara. "Nina koti la babu na kofia ya pama. Nitoe kwenye orodha, uone kama nitakuazima pampu tena."

"Na hiyo miwani yako, Haitham," alidakia Ruweida, mshona nguo, "ya kale hiyo?"

"Ya kale. Nimeinunua kabla ya Ramadhani."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikukaa. Ruweida alikuwa kakosa nafasi, na alikuwa kashona magauni manne ya wenziwe waliokosa kama yeye. "Wanawake tumepata nafasi sita! Sita, yakhe! Zama hizo wanawake hawakuwepo?"

"Walikuwepo," alisema Haitham, "lakini walikuwa nyuma, wamepakiwa."

"Basi tupakieni!"

Maalim Ridha, mwenyekiti, mwalimu wa historia mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi, aliinua mikono. Hakuna aliyenyamaza. Mmoja alisema kura imechezewa. Mwengine akasema fundi kajipa ukubwa. Na Asya, kasimama katikati yao na spana mkononi, hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akimfikiria mama yake.

Jina la mama, Bi Kazija, nalo halikutoka kwenye kura. Hakulalamika. Alilikunja tu tena buibui lake la zamani, lile la kufunga kwa kamba kichwani, akalirudisha sandukuni na karafuu zake. Alilivaa buibui hilo siku aliyotolewa kwao Pujini, akakalishwa ubavu kwenye karia, nyuma ya baiskeli ya mume wake, akaletwa Chake. Na kila Idi alirudi kwao hivyo hivyo, mumewe mbele, yeye nyuma. Tangu afiwe hakupakiwa tena na mtu. Mwezi mzima alikuwa akizungumza juu ya Jumapili hiyo, na tangu kura ipigwe hakuizungumza hata mara moja.

"Tuhesabu baiskeli," alisema Asya.

Vichwa vikamgeukia.

"Baiskeli arubaini, kama nilivyosema. Lakini mwenye karia anaweza kumpakia mtu. Wa nyuma asihesabiwe."

Ruweida alipiga kigelegele. Maalim Ridha alimkumbatia Heriel. Kabla ya magharibi tangazo lilikuwa kwenye simu ya kila mtu: *Zinahesabiwa baiskeli. Wa nyuma hahesabiwi.* Na usiku ule ule Asya akaiota breki.

Ijumaa na Jumamosi alikagua baiskeli, moja baada ya moja. Zilikuwa na breki za zamani: ukibana, vyuma vyembamba huvuta raba mbili zikagusa ringi ya gurudumu. Breki za kumsimamisha mtu mmoja. Asya alibadilisha raba, akakaza nati, na kila alipomaliza alijiona anahesabu tena. Mtu na mwenziwe. Uzito mara mbili. Mteremko ule.

Jumamosi jioni alimfuata Maalim Ridha kwake. "Maalim, nimekosea. Tuwaondoe wa nyuma."

"Mwanangu, watu washashona nguo."

"Basi wateremke juu ya mlima. Washuke kwa miguu, wakapande tena ng'ambo ya kalvati. Watangazie."

"Nitawatangazia, usiwe na wasiwasi. Na mie nimewaambia leo wazing'arishe baiskeli, kila chuma kimeremete. Utaona kesho! Utadhani zimetoka dukani."

Asya hakulijali neno hilo la mwisho. Baadaye alijiuliza mara nyingi ilikuwaje hakulijali.

Asubuhi walipendeza, hilo hakuna wa kulikataa. Kanzu na makoti, kofia za kiua, magauni ya maua, viatu vya raizoni vyenye soli kama matofali. Baiskeli arubaini, na isipokuwa ya Asya iliyobeba mfuko wa spana, zote zilikuwa na mtu nyuma. Bi Kazija alipakiwa na Shaame, mchumaji karafuu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mapaja kama magogo na maneno mengi. Asya alitaka mama yake apakiwe na Heriel, mtaratibu. Bi Kazija alikataa. Shaame ndiye aliyeinunua baiskeli ya mumewe.

"Nnaijua karia hii," alisema, akaipapasa kabla ya kukaa. "Weye endesha, Shaame, mie nitakwambia wapi pana shimo."

"Bi Kazija, nishike vizuri. Leo tunaruka!"

"Ukiruka nitakukata vibao."

Wakaondoka. Watu walitoka majumbani kuwapungia. Asya aliendesha mbele, akisikiliza vyuma nyuma yake, na muda wote pua yake ilikuwa inakamata harufu moja, tamu, nzito. Mafuta ya nazi. Alifikiri ni nywele za kina mama. Lami ilipokwisha wakaingia kwenye udongo mwekundu, jua likapanda, na harufu ikazidi. Mara mbili aliwasikia watu nyuma wakigombana kwa kugongana, "We, huoni?" "Nimebana, haikushika!" Aliwageukia, na bado hakujua tatizo ni nini.

Walipofika juu ya mteremko Maalim Ridha hakutangaza chochote. Alikuwa akipiga picha.

Asya alishuka. Heriel alikuwa wa kwanza kumfikia, akapitiliza hatua tatu kabla ya kusimama, akiburura viatu chini.

"Fundi, breki yangu hii uliitazama kweli?"

Asya aliinama akapitisha kidole kwenye ringi. Kiliteleza kama juu ya samaki. Akakinusa.

"Heriel, umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya nazi. Si Maalim alisema zing'are? Tumepaka sote."

Asya aliiacha baiskeli ya Heriel. Akaitazama baiskeli ya pili, ya tatu, ya saba. Ringi zote zilimeremeta. Raba alizozibadilisha kwa mikono yake zilikuwa zimelowa mafuta, hazishiki kitu. Ukiitoa yake, baiskeli zote hazikuwa na breki, na mbele yao njia ilikuwa inaanguka.

Aliivuta baiskeli yake akailaza katikati ya njia, akasimama juu yake.

"Hashuki mtu! Shukeni nyote, mtembee! Ringi zina mafuta, hazishiki!"

"Ah, fundi na ukubwa wake," alisema Haitham. "Nitembee kwenye udongo huu na raizoni?"

"Utavunjika shingo na raizoni."

"Ulisema wa nyuma hahesabiwi, leo unatushusha!" alipaza sauti Ruweida. "Tushike lipi?"

"Nilikosea! Nasema mbele yenu, nilikosea!"

"Asya," Maalim Ridha alisema kwa upole, "watu wa Pujini wanatusubiri. Tutashuka polepole."

"Kwa breki gani, Maalim? Shika! Shika hapa!"

Alimkamata mkono mwenyekiti wake, jambo ambalo hangelifanya siku nyingine, akambandika kidole kwenye ringi. Na hapo, wakati anamtazama Maalim usoni na kuona rangi inamtoka, alisikia sauti ya mama yake kando ya njia.

"Shaame, pita hapo kwenye majani. Baba yake Asya hakunishusha hapa hata siku moja."

"Mama!"

Baiskeli nyeusi ya Shaame ilikuwa ishampita.

Mwanzo walikwenda taratibu, Bi Kazija kakaa ubavu, mgongo umenyooka, kama bibi harusi. Asya alianza kukimbia. Akaona viwiko vya Shaame vikitanuka, akajua anabana. Akaona gurudumu halijali. Ilikuwa ndoto yake ile ile, ila sasa alikuwa macho na udongo ulikuwa unamteleza chini ya viatu.

"Haishiki!" Shaame alipiga kelele, na katika sauti yake hakukuwa na mzaha tena. "Bi Kazija, haishiki!"

Upepo ulilijaza buibui likapepea nyuma, jeusi, pana. Kisha pindo likashuka kwenye spoki. Asya aliliona likivutwa. Aliona kichwa cha mama yake kinarudi nyuma, shingo imenyooka, kwani kamba ilikuwa imefungwa kichwani na gurudumu lilikuwa linalikunja buibui kama uzi. Kalvati lilikuwa pale, na korongo, na mawe.

Mkono mmoja wa Bi Kazija ulipanda kichwani. Ukapapasa. Ukavuta.

Kamba ikafunguka. Buibui zima lilimvuka mwilini likaingia kwenye gurudumu, na gurudumu likakwama papo hapo, likaburura, likachora mstari kwenye udongo. Baiskeli ilipinda kushoto, mbali na korongo, ikawatupa wote wawili kwenye majani, hatua nne kabla ya kalvati.

Asya aliwafikia akainama. Shaame alikuwa kakaa, goti linatoka damu, analia bila kujificha. Bi Kazija alikuwa kalala ubavu kwa gauni lake la ndani na kanga moja, kifundo cha mkono kimevimba, na shingoni mstari mwekundu ilipoteleza kamba.

"Mama. Mama, nitazame."

"Nakutazama." Sauti ilikuwa ndogo. "Nisitiri kwanza."

Asya alivua mtandio akamfunika. Mama yake alimshika kwa mkono mzima, akamshika kwa nguvu, na Asya akaona kwa mara ya kwanza maishani mwake kwamba mama yake anaogopa.

"Baba yako," alisema Bi Kazija, "alikuwa akishuka hapa anaimba. Nikidhani hana analoogopa."

"Usiku wa kuamkia safari alikuwa akizifuta ringi kwa majivu ili breki zishike, mama. Kila safari. Mie ndiye nilikuwa nikimshikia taa."

Bi Kazija akaligeukia gurudumu. Buibui lilikuwa limejisokota kwenye spoki mpaka ndani, limelowa mafuta na udongo.

"Likate."

"Mama, nitajaribu kulifungua."

"Likate, mwanangu. Lishafanya kazi yake."

Asya alitoa kisu mfukoni. Aliingiza ncha baina ya spoki, akaitoa. Akashindwa. Akakiweka chini, akatazama juu.

Kule juu hapakuwa na kelele tena. Haitham alikuwa kavua raizoni, yuko pekupeku. Maalim Ridha alikuwa kapiga magoti kwenye udongo, kachota mchanga kwa kiganja, anasugua ringi kwa pindo la kanzu yake nyeupe, haraka haraka, kama mtu anayefuta damu. Mmoja baada ya mmoja wengine wakafanya hivyo: kanzu, makoti ya babu, magauni aliyoyashona Ruweida. Kisha wakaanza kushuka kwa miguu, baiskeli wanazikokota, kila mmoja akitazama hatua yake.

Asya alisimama kwenye kalvati, upande wa korongo, akanyoosha mkono kumwonyesha kila anayepita ashike kushoto. Na kila aliyepita alimhesabu kwa sauti, wa mbele na wa nyuma. Heriel alipopita, wa ishirini na moja, alimwambia, "Fundi, tumefika, pumzika." Asya aliendelea na ishirini na mbili, akiogopa kupoteza hesabu.

Walikuwa wamebaki sabini na sita. Alihesabu mpaka sabini na sita.

"Wamekwisha?" aliuliza Bi Kazija kutoka kwenye majani.

"Wamekwisha, mama."

"Hesabu tena."

Akawageukia waliosimama ng'ambo ya kalvati, akahesabu tena.