Tangazo Ambalo Kadidja Hakulisoma

Kadidja alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ishirini kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akitafuta nafasi za kuigiza peke yake, kwa miguu. Kinshasa, walisema watu, waigizaji wana wa kuwasemea: huyo anapiga simu, anakupeleka, anapatana, wewe unafika na uso wako tu. Kisangani kila mtu anajisemea mwenyewe. Kila Jumatatu akitoka kazini, Kadidja alipita kwanza kwa Djuma, mwenye duka la kuchapisha pale mtaa wa Makiso, kwa kuwa mtu anayetaka kubandika matangazo lazima ayachapishe mahali. Kutoka hapo alikwenda hoteli moja karibu na mto kumuuliza mlinzi kama kuna wageni walioingia na masanduku ya kamera. Mwisho aliwapitia madereva wanaokodisha jeep, maana wenye filamu hawabebi vyombo vyao kwa toleka, baiskeli za abiria.

"Bado, mama," walimjibu wote watatu, wiki baada ya wiki, mpaka akawa analijua jibu kwa jinsi walivyoinua vichwa.

Mara chache jibu lilikuwa tofauti. Alikuwa amecheza mke wa mgonjwa katika michezo ya kuhimiza chanjo. Alikuwa amecheza mama mkwe katika mchezo wa redio. Mara moja alipita nyuma ya waziri katika filamu, akiwa na beseni la samaki kichwani, na filamu ilipotoka akaliona beseni likipita. Yeye mwenyewe hakuonekana.

Kutembea kulimchosha, lakini kilichomchosha zaidi ni kwamba kila alipopata habari aliwapelekea wenzake wa kikundi cha maigizo, wakaenda pamoja, na akachukuliwa mwingine. Mara mbili huyo mwingine alikuwa Delphine. Delphine alikuwa mshonaji, aliyetoka Kindu na mumewe miaka mingi nyuma, na alikuwa na uso ambao watu huanza kuulilia kabla haujasema neno. Alikuwa pia rafiki wa Kadidja kuliko wote. Kadidja alipofiwa na mama yake, Delphine alilala chini kwenye mkeka wa matanga siku tatu pamoja na dada za Kadidja, naye si Mwislamu wala ndugu. Mtu kama huyo huwezi kumchukia, na hilo nalo lilikuwa mzigo.

Kazi iliyomlisha Kadidja ilikuwa kusoma communiqués, matangazo ya watu, kwenye redio ndogo ya mtaa wa Kabondo, asubuhi na jioni: vifo, vyeti vilivyopotea, mbuzi aliyeokotwa, wazazi wanaoitwa shuleni. Jumanne moja Nicolas, fundi wa mitambo, alimpa rundo la karatasi kama kawaida. Ya nne kutoka juu ilisema kwamba kuna watu wa filamu waliofika mjini, wanaomtafuta mwanamke wa miaka thelathini na tano hadi hamsini, anayejua Kiswahili cha hapa, acheze mama anayekwenda Bafwasende kumtafuta mwanawe kwenye mashimo ya dhahabu. Majaribio yatakuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa shule moja ya Makiso. Tangazo lisomwe siku tatu, asubuhi na jioni.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Ilikuwa kana kwamba mtu amekaa mbele yake na kuandika anachokiona.

Taa nyekundu ya studio ikawaka, naye akasoma vifo, akasoma vyeti, akasoma mbuzi. Alipoifikia ile karatasi, mkono wake uliipeleka chini ya rundo, akaendelea na wazazi wa shule. Nicolas alikuwa anahangaika na waya, hakutazama.

"Mara hii moja tu," Kadidja alijiambia. Jioni alijiambia vilevile. Jumatano haikuwa lazima ajiambie kitu.

Alhamisi mchana Delphine alimpigia simu. "Dada, kuko habari?"

"Hakuna kitu, dada. Muji umekauka."

"Aya. Tutavumilia tu," akasema Delphine, na nyuma ya sauti yake cherehani ikaanza kulia tena.

Ijumaa Kadidja alifika kabla ya saa mbili. Hadi saa nne walikuwa watu saba uani, na watatu kati yao walikuwa wanaume waliosikia kwa dereva mmoja kwamba kuna kazi, hawakujua kazi gani. Aliyesimamia majaribio alikuwa Déborah, mwanamke mfupi wa Kinshasa mwenye miwani na macho yaliyokosa usingizi. Kila baada ya dakika chache alitoka mlangoni, akatazama upande wa barabara, akarudi ndani.

Kadidja akaitwa. Kwenye karatasi waliyogawiwa uani, mama anamkuta mchimba dhahabu njiani, anamuuliza kama amemwona mwanawe, anamweleza alivyo: kovu nyushini, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Aliyajua maneno yote kwa moyo. Aliyasema bila kukwama hata mara moja, na Déborah akafumba macho kumsikiliza. Kadidja aliona hivyo na moyo ukamruka.

"Sauti iko muzuri sana, mama," Déborah alisema alipofumbua macho. "Kweli. Mais… niko nakusikia kama mutu anatangaza. Mutoto amepotea, kila mwenye kumuona apige simu. Unaelewa? Haikuumi. Unanipasha habari tu."

"Naweza kurudilia."

Akarudia. Safari hii alijisikia mwenyewe, na kweli, kila sentensi ilishuka mwisho mahali palepale, kama za mbuzi na vyeti. Miaka ya vile vikaratasi ilikuwa imemwingia kooni bila kubisha hodi. Kadidja mwenyewe ndiye aliyesema asante na kuchukua mkoba wake.

Alikuwa keshafika mlangoni aliposikia Déborah akimwambia mtu wa kamera, kwa uchovu tu, bila hasira: "Batu saba. Muji muzima, batu saba. Bon, tutarudi Kinshasa, tutachukua mwanamuke kule, ajifunze Kiswahili njiani. Communiqué tulipeleka redioni siku tatu. Hakuna mwenye alisikia, ao hawataki."

Kadidja alitoka hadi kwenye geti. Mwendesha toleka mmoja akapunguza mwendo, akamwita; Kadidja akamtikisia kichwa. Alisimama pale juani muda ambao hakuujua, akiwafikiria wanawake wa kikundi mmoja mmoja: yule wa Mangobo aliyenyonyesha huku akifanya mazoezi, yule mwalimu, Delphine. Hawakuwa wamekataliwa. Hawakuwa hata wameitwa. Alijua vizuri ladha ya kitu hicho, na yeye ndiye aliyewapikia.

Akarudi ndani.

"Mama Déborah. Tangazo lenu halikusomwa."

"Unajuaje?"

"Mimi ndiye msomaji."

Mtu wa kamera aliacha kukunja waya. Déborah alivua miwani, akaishika mkononi.

"Ulisahau?"

"Hapana."

"Juu ya nini, basi?"

Kadidja alitafuta jibu refu. Alikuwa nalo, la miaka ishirini, lenye beseni la samaki na madereva wa jeep ndani yake. Lakini alipofungua mdomo lilitoka neno moja tu. "Nilichoka."

"Siku tatu mufululizo, mama? Asubuhi na mangaribi?" Déborah akaifuta miwani kwa ncha ya nguo. Kisha akavaa miwani yake. "Mimi pia nimechoka. Niko na siku moja, kesho. Jumapili tunaondoka. Soma leo."

Jioni ile Kadidja aliiweka ile karatasi juu ya zote. Aliisoma kabla ya vifo, akaisoma katikati, akaisoma mwisho, akirekebisha siku na kutaja njia ya kufika mlango hadi mlango. Nicolas aliinua kichwa. "Leo uko na nini?" akauliza taa ilipozimika. Kadidja alimwambia yote. Nicolas akakuna shingo, akasema kwamba mkurugenzi atapaswa kujua, na Kadidja akasema yeye mwenyewe atamwambia Jumatatu. Kadidja hakumpigia Delphine simu. Hakuwa na uso wa kumpigia. Alijua redio iliyo kando ya cherehani ya Delphine haizimwi.

Jumamosi saa mbili uani palikuwa pamejaa, na foleni ilitokea getini ikapinda kona. Déborah alimpa Kadidja daftari bila kumtazama. "Andika majina." Akaandika, mgongo ukimuuma, wanawake wakimshukuru kwa tangazo: dada, umetufanyia vizuri, Mungu akubariki. Kila baraka ilimpiga kama jiwe dogo.

Delphine alifika karibu saa tano, pini zimebaki kwenye kola ya blauzi.

"Dada! Si ulisema muji umekauka?"

"Ingia kwanza kwenye mustari," Kadidja alisema akiwa ameinama kwenye daftari. "Tutaongea."

Zamu ya Delphine ilipofika, Kadidja hakuona kitu; mlango ulikuwa umezibwa na watu. Alisikia aliyecheza mchimbaji akisema maneno yake. Halafu waliokuwa mlangoni wakaacha kunong'ona. Mmoja wao akajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Kadidja akaandika jina lililofuata.

Jumatatu asubuhi mkurugenzi wa redio alimsimamisha kazi kwa wiki mbili, na mchana Delphine akapigiwa simu kutoka Kinshasa. Kadidja alikwenda kwake jioni hiyohiyo. Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anachambua pondu, majani ya muhogo.

"Wamenichukua!" Delphine alisema, akacheka, akataka kuinuka.

"Kaa, dada. Niko na neno."

Akamwambia. Hakujipamba. Delphine aliendelea kuchuma majani kutoka kwenye vikonyo, moja moja, akiyatupia kwenye sinia, na ule mkono ndio pekee uliosogea.

"Nilikupigia Alhamisi," alisema mwishoni.

"Ulinipigia."

"Nilikuuliza kwa mudomo wangu."

"Ndiyo."

"Weye unazani uko unachoka peke yako?" Sauti yake haikupanda. "Mimi hiyo Alhamisi nilikuwa nataka kuuza cherehani. Nilisema nikisikia tena hakuna kitu, naacha kuigiza. Ukaniambia hakuna kitu."

Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga. Majani yakaisha, Delphine akakusanya vikonyo akavitupa.

"Iko maneno mingi ya kujua," alisema akiwa amempa mgongo. "Kurasa kumi na moja, wamenitumia kwa simu. Kusoma yangu iko pole, unajua. Utakuja kunisomea maneno ya benzangu wa filamu, mimi nijibu na yangu."

"Tuanze leo?"

"Hapana leo. Leo sitaki kukuona. Kuya Jumatano."

Kadidja aliaga, akatoka kwa mlango wa uani. Nyumbani alilala bila kula.

Jumatano alikwenda. Delphine alikuwa ameshasogeza cherehani ukutani na kuweka viti viwili vinavyotazamana. Hawakusalimiana sana. Walisoma ukurasa wa kwanza, wakaurudia, wakaurudia tena, mpaka watoto wa Delphine waliporudi kutoka shule na kuuliza kama kuna chakula.