Kofia ya Wingu Siku ya Kuanika Sufi

Tiki. Kimya. Tiki. Kulikuwa bado giza, na mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua sufi bila taa, mbegu zikidondoka moja moja kwenye sahani ya bati. Taa ya nini, husema, wakati vidole vina macho. Nikamwacha mwanangu amejikunja kitandani, nikaenda kumsaidia.

Tulikuwa na oda ya mito ya wodi mpya ya watoto, oda yetu ya kwanza kubwa. Sufi yote ilikuwa lazima ikauke siku hiyo, la sivyo mito isingewahi. Na ikilowa ndiyo basi, inagandamana, na nyingine hatukuwa nayo.

Jua lilipokolea tukaitandaza uani juu ya mashuka. Kwetu sufi ikiwa nje hakuna kukimbia, hakuna kucheka, hata chafya unaenda kuipigia barabarani, maana inapaa. Mwanangu, ambaye bibi yake anamwita Pilipili, alinyata kama mwizi wa sukari.

Mchana nikaona wingu nyuma ya paa la jirani, limeumuka kama unga uliotiwa hamira. Juu yake kabisa palikuwa na utando mwembamba, laini, umelikaa kichwani kama kofia. Mwalimu wa darasa la jioni ninalosoma alituchorea kitu hicho ubaoni: wingu linalopanda kwa kasi husukuma juu hewa yenye unyevu, nayo ikipoa inageuka kofia. Ukiiona, ujue wingu bado linakua, tena kwa haraka.

Nikamnong'oneza mama mkwe kwamba wingu limevaa kofia, tuanue. Akalitazama jua, akanitazama mimi. Tukianua bure, jua la siku limetupita.

"Limevaa kofia linakwenda wapi, harusini?" akanong'ona.

"Linakuja kwetu, mama."

Tulipoinua macho tena, wingu lilikuwa limeitoboa kofia yake, kichwa kimetokeza juu. Mama mkwe akakunja kona ya shuka la kwanza.

Sijawahi kuona haraka ya polepole namna ile. Tunakunja, tunafunga, tunabeba kama mtoto mchanga aliyelala, na ngurumo ziko mgongoni. Mama mkwe ananikodolea macho nisicheke, naye mashavu yamemvimba kwa kicheko. Furushi la mwisho lilipovuka kizingiti, mvua ikamwagika.

Akazamisha mkono kwenye furushi mpaka kiwiko, akafinya, akaachia. Sufi ikafumuka yenyewe, kavu, bado ina joto la jua. Hapo akacheka kicheko cha siku nzima, sufi zikapaa hadi darini, na hakuna aliyejali.

"Kuanzia leo, mwanangu, siku ya kuanika utachagua wewe," akaniambia.

Pilipili alikuwa ameshapanda juu ya mafurushi, amejilaza chali, mikono ameitanua.

"Nataka kulala hapa," akasema.